Mama Kabati na Kadi Zake

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, Mama Kabati anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha mafaili cha hospitali yetu. Jina hilo tulimpa sisi, naye akalizoea kama kiatu kilichombana mwanzoni.

Chumba chake kilikuwa na utulivu wa ajabu. Mwanga uliingia kwa madirisha ya juu, vumbi likaelea polepole, naye akapita kati ya rafu kama atembeaye usingizini, mkono ukitangulia. Faili alilotaka ni kama lilimsogelea. Mimi, fundi wa kompyuta, nilipotea humo mara mbili.

Alikuwa na desturi iliyowaudhi wakubwa. Kila mgonjwa alipoondoka, alimwandikia kwenye kadi ndogo maradhi yake, dawa zake, na zile zinazomdhuru. Mkurugenzi wa wakati huo alimkataza: mgonjwa akitembea na habari zake, si atazipeleka kwa washindani wetu ng'ambo ya barabara? Mama Kabati akamjibu kwamba mwili ni wa mgonjwa, sisi tumeazimwa tu kuutazama. Akapewa barua ya onyo. Akaiweka failini, kwa mpangilio wa herufi.

Kisha nikaja mimi na mfumo wangu wa kompyuta, nikatangaza kwamba enzi ya kadi imekwisha. Mwaka wa tatu tukahamia kampuni nyingine ya mifumo, na ile ya kwanza, kwa hasira za kuachwa, ikagoma kutoa kumbukumbu zetu. Wiki hiyohiyo akaletwa mshonaji nguo, hajitambui. Daktari akanitazama, nikaitazama skrini, skrini nayo ikanitazama. Sindano ilikuwa tayari dada mtu alipochomoa kadi kutoka kwenye pochi, mwandiko wa Mama Kabati: asipewe penisilini.

Mkataba na kampuni mpya ulipoandikwa, alikaa mlangoni kwa mkurugenzi, mkoba mapajani, hadi kifungu kikaingia: kumbukumbu ni za mgonjwa, na akiomba nakala apewe siku hiyohiyo.

Juzi alipanga foleni kama wengine, akaomba nakala yake. Akaisoma yote, akanirudishia. Nilikuwa nimemwongezea miaka kumi. Kwa hesabu yangu alipaswa kustaafu zamani.

Nimesahihisha, Mama. Na kadi yako nimeiandika kwa mkono. Dawa: usingizi wa mchana, dirisha wazi. Kinachomdhuru: simu za fundi wa kompyuta aliyepotea. Ahsante kwa yote, na siku zako ziwe nyepesi kama lile vumbi kwenye mwanga.