Waliomba Nifungwe, Nikaitikia Amina

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Louisville! Bwana asifiwe, Columbus! Na ninyi wa Buffalo, mnaonijua mpaka viatu vyangu, nawasalimu pia, ingawa wengine wenu nawasalimu kwa jicho moja. Mama mwenye laini hii ya maombi ya simu amenipa nafasi leo niseme aliyonitendea Bwana, nami siiachi nafasi hiyo mpaka nimalize. Najua wengine mko kazini, simu iko mfukoni na waya mmeuficha chini ya kitambaa cha kichwa. Endeleeni na kazi zenu, mimi nipeni sikio tu.

Kwa wasionijua, naitwa Mama Riziki. Nilizaliwa Fizi, nikakulia kambini Kigoma, sasa naishi Buffalo na watoto wangu, mtaa wa Kensington-Bailey. Na kwa wanaodhani hawanijui, mimi ndiye yule mwanamke mliyeambiwa kwenye laini hii hii kwamba anaimba akifanya kazi, na anagawa chakula ili ale nguvu za watu. Eeh! Ndiye mimi. Shikeni simu vizuri zisianguke.

Niwaambie ukweli, mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku. Mama yangu alifukuzwa kijijini kwa neno moja la jirani aliyefiwa na mtoto: mchawi. Hakuna aliyeuliza mtoto aliugua nini. Tuliondoka na nguo tulizovaa, nami nilikuwa nimeshika upindo wa kanga yake. Tangu hapo, mtu akinichekea sana najiuliza anataka nini, na akininyamazia najiuliza amesikia nini. Hata hapa Marekani, mtu akinipa kitu cha bure nakigeuza kwanza nione chini yake.

Mtu mmoja tu nilimwamini bila kumgeuza: Jerusha. Jerusha ni Mkenya, alikuja Louisville kusoma unesi. Mimi na watoto tulikuwa tumeletwa kule kama wakimbizi, Kiingereza changu kilikuwa ndiyo na hapana, na hivyo viwili nilivichanganya. Tulikutana kanisani. Akanifundisha mezani kwake jioni baada ya jioni, mpaka nikapata cheti cha msaidizi wa manesi. Alipopata kazi Buffalo akanipigia simu: "Mama Riziki, hii hospitali inatafuta watu kama wazimu. Wewe kuja tu." Nikafungasha. Tukawa wodi moja, yeye nesi, mimi msaidizi, nikaona Mungu amenipa mdogo wangu wa tumbo moja.

Ndugu zangu, mimi mwenye kushuku kila kitu, sikujiuliza kwa nini hospitali itafute watu kama wazimu!

Baridi ilipoingia, ikaja na mafua makali. Vitanda vikajaa, vingine vikawekwa kwenye korido. Manesi wakaanza kuugua, wengine wakaacha kazi, na waliobaki wakapewa wagonjwa wao na wa wale walioondoka. Mtu amemaliza zamu, amevaa koti, msimamizi anamkuta mlangoni pa lifti: hakuna wa kukupokea. Koti linavuliwa. Mimi nilikuwa nageuza wagonjwa wazito peke yangu, kazi ya watu wawili, huku kengele zinalia vyumba vyote. Ofisi ya juu ikatuletea piza. Piza! Na bango la kutuita mashujaa. Nikamwambia Jerusha, wakishatuita mashujaa ujue watu wa kutuongeza hawaletwi. Akacheka sana, akala kipande kimoja akiwa wima.

Na huo ndio wakati televisheni ilikuwa haijaacha kutangaza Ebola ya Afrika Magharibi. Mgonjwa mmoja alivuta mkono wake nilipotaka kumpima presha, akaniuliza nimetoka Afrika lini. Liberia sijaiona hata kwa juu, nikiwa kwenye ndege! Jerusha akibanwa na kikohozi alikimbilia chooni akakohoe huko wasimsikie. Kila mtu pale alikuwa anamsikiliza mwenzake kifua.

Mimi nikichoka naimba. Naimba nyimbo za kwetu, taratibu, nikibadilisha mashuka, na wazee wengi walipenda. Na kwa kuwa Jerusha hakuwa na nafasi hata ya kuchemsha maji, nilikuwa nambebea sombe, yaani kisamvu, na ugali kwenye bakuli. Ghafla akaanza kusema ameshiba. Kesho yake ameshiba tena. Nikamwona mwenyewe akimimina sombe yangu kwenye pipa la taka, halafu akaosha mikono kwa sabuni kama mtu aliyeshika uchafu. Akaacha kunipa lifti ya kwenda nyumbani, akisema anapitia Cheektowaga. Cheektowaga ana nani? Nikaanza kupiga hesabu zangu. Amepata marafiki wazungu? Amenisema kwa msimamizi? Nikiingia chumba alichomo, anatoka. Nikiimba, anaziba masikio. Nilimwangalia, naye ananiangalia, tukawa kama watu wawili wanaochungana dukani.

Jibu nililipata kwenye laini hii. Asubuhi moja nilipiga nikiwa nimechelewa, simu nimeiweka kando ya sinki, naosha vyombo. Maombi yalikuwa katikati. Kuna mtumishi mmoja wa Columbus alikuwa mgeni siku ile, jina lake silitaji. Nikasikia sauti yake: "Naona mwanamke. Yuko karibu nawe. Anakupa kitu cha kuweka mdomoni." Na sauti ya mwanamke ikajibu ikilia: "Ni yeye, mtumishi. Nimekuwa mzito, silali, nawachukia mpaka wagonjwa. Na akiimba, miguu yangu inakufa ganzi." Mtumishi akapaza sauti: "Tumfunge huyo mwanamke! Semeni Amina!" Mkaitikia Amina wote, Louisville, Columbus, Buffalo. Na mimi, sahani mkononi, povu mpaka kwenye viwiko, nikaitikia Amina kwa nguvu kuliko wote. Ndipo nikaitambua sauti ile. Ilikuwa ya Jerusha!

Ndugu zangu, niliomba nifungwe mimi mwenyewe! Nilikaa chini jikoni, sikupata hata machozi. Niliogopa. Niliona kanga ya mama yangu na njia ile tuliyopita. Jumapili nikaenda kanisani kama kawaida, na chungu changu cha chakula cha pamoja. Viti vya kulia na kushoto kwangu vilibaki vitupu, na chungu kikarudi nyumbani kimejaa hadi mdomoni. Mlinisalimia kwa ncha za vidole. Msiniambie hamkumbuki!

Sasa sikilizeni jinsi shetani alivyo mjanja. Na mimi miguu ilikuwa mizito. Nililia kwenye basi bila sababu, nikamwita mwanangu "wewe" kwa kuwa jina lake lilinitoka. Usingizi nao ulikuwa umenikimbia. Basi nikasema moyoni: aah, kumbe! Anayenitaja mimi ndiye anayenila. Alinitoa Louisville ili animalizie Buffalo. Kila wema wa Jerusha nikaurudia, nikaugeuza, nikakuta chini yake sumu. Mtumishi yule alipotangaza Jumamosi ya kufunguliwa, uso kwa uso, katika nyumba moja huko Gahanna karibu na Columbus, nikapanda basi. Nilikwenda kumshtaki Jerusha mbele za Mungu, afungwe yeye.

Tuliingizwa chumba cha chini ya nyumba, viti vimepangwa ukutani, mtumishi yuko chumba cha ndani anaita mmoja mmoja. Mimi sikukaa kwanza, nilisimama mlangoni nikiwachunguza watu. Huyu amevaa sare ya hospitali. Yule ana viatu vya kazi ya ghala. Mwingine ana kitambulisho cha nyumba ya wazee bado kinaning'inia shingoni. Nikamwuliza kaka mmoja wa Bukavu aliyekuwa karibu: "Ndugu, weye walikuonyesha nini?"

Akanijibu: "Bon, mimi mtumishi alinionyesha mama moja mwenye ananipatiaka chakula. Ni tantine yangu, shangazi kabisa, njo anakulaka nguvu zangu."

Dada wa pembeni akageuka. "Donc, kumbe hata weye? Mimi walinionyesha bibi ya kaka yangu, wifi yangu. Na ye ananipikiaka."

Hapo tabia yangu ya kushuku ikaamka, Bwana asifiwe! Nani kati yetu hapikiwi na mtu? Nikamwuliza yule kaka anafanya kazi gani. Akasema anahudumia wazee, wenzake wameugua mafua, anashika zamu ya usiku na ya mchana. "Na unalala saa ngapi?" Akanitazama kama nimemwuliza habari za mbinguni. "Kulala? Mama, weye unachekesha!" Chumba kizima kikacheka. Nikauliza mwingine, na mwingine. Yule wa hospitali hajapumzika tangu mafua yaanze. Wa ghala amewekwa kwenye nafasi za watu walioondoka. Miguu mizito, machozi ya bure, hasira kwa watoto. Tulikuwa na ugonjwa mmoja sote, na kila mmoja amekuja na jina la mwanamke anayempenda!

Ndipo nikamwona. Kwenye kiti cha mwisho, kichwa ukutani, mdomo wazi, Jerusha amelala. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, mistari ya maski bado imechorwa puani, viatu amevivua na miguu imevimba. Niliketi mbele yake. Hapo ndipo ningeweza kumwamsha kwa kelele, watu wote wajue ni nani aliyenipaka uchafu. Nikamtazama kama ninavyomtazama mgonjwa aliyeletwa wodini kabla sijaambiwa jina lake. Huyu mtu anahitaji nini? Nikajijibu mwenyewe: anahitaji kulala. Na chuki ikanitoka, ndugu zangu! Ilinitoka pale pale kitini, nikalia kwa kitambaa mdomoni nisimwamshe.

Mlango ukafunguliwa. Mtumishi akasema, "Dada wa Buffalo aingie." Sote wawili tulikuwa dada wa Buffalo. Nikamwambia, "Mwacheni alale." Akasema nafasi itampita. Nikasema na impite. Akanikazia macho, nami nikamkazia. Akaita mtu mwingine.

Jerusha alipoamka na kuniona mbele yake alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. "Mama Riziki! Kwani umenifuata mpaka huku?"

"Nikufuate ya nini? Na mimi nimekuja kushtaki."

"Kumshtaki nani?"

"Wewe."

Akawaangalia wale watu wote ukutani, akajiangalia miguu, halafu akaanza kucheka huku analia, na mimi nikaanza, tukashikana pale kama watu waliotoka ajalini wazima. Tuliondoka bila kuingia kwa mtumishi. Kama ni tapeli sisemi, na kama si tapeli pia sisemi. Mungu anamjua, na mimi bado namwangalia.

Namshukuru Mungu aliyenifungua! Alinifungua katika hofu ya mama yangu, na katika chuki niliyoisafirisha kwa basi. Sijaja kuwaambia hospitali imepona. Watu bado hawatoshi, simu bado inaita siku ya mapumziko. Ila sasa siipokei. Tulikwenda kwa msimamizi, manesi na wasaidizi pamoja, tukamwambia piza tunashukuru lakini tunataka watu. Ameahidi. Ahadi yake naiangalia kwa makini.

Jambo moja halijaisha, nalo ndilo linaloniuma. Jerusha aliahidi kusema mwenyewe kwenye laini hii, mahali alipolisemea lile neno. Kila akipangiwa, ananiambia hospitali imemwita. Nimejiuliza kama ni hospitali kweli au ni aibu. Na huku kanisani viti vya pembeni yangu bado ni vitupu, na binti yangu ameacha kuuliza kwa nini haalikwi kwa wenzake. Mama yangu alikufa bila mtu kulirudisha lile neno. Mimi nataka la kwangu lirudishwe nikiwa hai!

Na wewe unayenisikia, unayeoshwa na machozi na umeshapewa jina la mtu: usilichukue. Mwamini Yesu, halafu zima simu ulale kwanza. Ukiamka, umwangalie tena yule mtu anayekupikia. Mungu hatakasirika ukikata kabla ya sala ya mwisho.

Subirini. Kuna mtu hajazima sauti yake. Nasikia mashine ya dripu inalia, na nyuma yake kengele ya chumba. Mlio huo ni wa wodi yetu, naujua hata usingizini. Jerusha? Ni wewe? Kumbe kweli uko kazini, mdogo wangu!

Umesemaje? Shusha maski, sauti haitoki. Haya, sema tena, polepole, Columbus wasikie, na Louisville, na hawa wa Buffalo wasikie kuliko wote.

Mmemsikia, ndugu zangu? Amesema, "Mama Riziki hajanifanyia kitu. Nilikuwa nimechoka."

Inatosha. Usilie huko, utawatisha wagonjwa. Kengele bado inalia, nenda ukamwitikie. Hatukati simu, tunakungoja.