Mume Mwenza wa Kwenye Shuka

Ndugu zangu wa chama chetu cha kuzikana, mwanamume aliyekaribia kunitia kaburini kwa wivu hakuwa na damu wala nyama. Alikuwa amechorwa.

Chekeni, lakini nisikilizeni.

Mnakumbuka gari la sinema lilivyokuja Nguvumali, likatundika shuka jeupe ukutani. Wakati huo nilikwisha kuambiwa hospitali kwamba nina presha. Baada ya Isha tukaona michoro inatembea: mzee wa makamo yangu, kavaa kanzu, naye ana presha. Kila akila ng'onda, samaki wetu mkavu wa chumvi, mshipa wake unavimba kama mpira wa maji. Mwisho akaacha chumvi, akala mchicha na ndimu. Akawa anapanda ngazi za zahanati kwenda kupimwa, mara injini ya umeme ikazimika. Tukarudi majumbani bila kujua kama alipona.

Kesho yake mke wangu akaniwekea wali na mchuzi wa samaki mbichi. Chumvi hamna.

"Bibi, umesahau?"

"Sikusahau. Yule mzee wa jana kala, wala hakununa."

Tangu hapo kila sahani ni yule mzee. Yule mzee hagombi. Yule mzee kanzu yake safi. Nawaambia, kwa umri wangu huu nilisimama mbele ya kioo nikijilinganisha na mtu wa wino! Na rafiki yangu barazani akanimaliza: "Wake wenza tumewazoea. Mume mwenza ndiyo kwanza tunamwona!"

Nikasusa chakula cha nyumbani. Mimi ni muuza ng'onda, mnanijua. Nikawa nakula palepale gengeni, vipande vimeganda chumvi, nasema moyoni: na aone! Aone nini, sijui. Asubuhi moja kichwa kikanigonga, mkono wa kushoto ukalegea, mzani ukaniponyoka. Mkanibeba hospitali.

Ulimi uliponirudia, neno langu la kwanza kwa mke wangu lilikuwa hili: "Umekuja peke yako, au na yule?"

Hakucheka. Alilia, akasema, "Bwana we, yule akifa watachora mwingine. Wewe nani atanichorea?"

Hapo wivu ukanikatika. Sitawadanganya, ulikatika nusu.

Leo mkono unashika mzani tena, na presha imeshuka. Namshukuru mganga wa hospitali aliyenipima bila kunikaripia. Nawashukuru ninyi mlionibeba, na mke wangu aliye kule upande wa wanawake. Wazee wenzangu, anayekupunguzia chumvi hajakuchoka. Ng'onda bado nauza, lakini mzee akija kununua namwambia ailoweke na maji ayamwage.

Gari la sinema halijarudi. Jana, akinikamulia ndimu, mke wangu kaniuliza, "Yule mzee, unadhani alipona?"

Nikavuta sahani ya mchicha, nikala.