Nukta Nyekundu ya Elbina

Kwenye tramu namba nne hapa Dresden, kijana mwenye masharubu yaliyochongwa kwa uangalifu alipakata kamera mpya ya filamu kama kichanga. Karibu naye alikaa Bi Roswitha, jirani yangu, na kikapu chake cha viazi.

"Elbina hiyo?" Bi Roswitha akauliza. "Kiwanda si kilikufa Ukuta wa Berlin ulipoanguka?"

"Kimefufuka, bibi! Tumechanga mtandaoni watu elfu nne. Nimeisubiri miaka mitatu." Mimba ya tembo haifiki huko, lakini sikuulizwa. "Wameiga kila kitu, hata hii nukta nyekundu chini ya lenzi. Alama ya mafundi bingwa!"

Bi Roswitha akavaa miwani, akachungulia, akacheka mpaka kiazi kikadondoka.

"Bingwa wa nini! Hiyo tulizipaka mbovu, zile zinazoingiza mwanga na kuharibu picha. Nzima zilikwenda ng'ambo, za nukta tukauziwa sisi wafanyakazi. Ndiyo maana mji huu umejaa hizo."

"Usinitanie, bibi. Tovuti yao inasema..."

"Tovuti ilikaa kwenye meza ya ukaguzi? Mimi nimekaa miaka kumi na tisa, brashi mkononi."

Kijana akachomoa picha mfukoni kwa hasira. "Mbovu inapiga hivi? Tazama, hata huu mstari wa mwanga pembeni umetoka, kama picha za zamani kabisa!"

Bi Roswitha aliitazama picha ile hadi tramu ikasimama kituoni kwetu. Akaokota kiazi chake, akampigapiga kijana begani.

"Basi nisamehe, mjukuu wangu. Hapo mmeifufua kweli."