Historia ya Kaka Yetu Masizi, Mchoraji wa Moto wa Magotini

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba, na nimepewa kazi hii kwa sababu wakubwa wangu wanasema nina mdomo, basi naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1946, chini ya kilima kile mnachokiona, mtoto wa kwanza wa mama mkulima na baba seremala. Alipokuwa na umri wa miaka saba, serikali ya kikoloni ilimfunga mama yetu miezi sita kwa kosa la kuchoma msitu, ingawa alichochoma, kama walivyofanya mama yake na bibi yake, ni nyasi tu, mwanzoni mwa kiangazi zikiwa bado na unyevu, ili jua likikolea moto mkubwa usipate cha kula. Mama alitoka gerezani na jina la Mchoma Msitu, akazikwa nalo, na jambo hilo lilimuuma kaka yetu maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1954, akawachora walimu ukutani kwa mkaa, viboko akavipata, na jina la Masizi akalipata hapo hapo. Mwaka 1965 alihitimu chuo cha ualimu, akafundisha sanaa hadi alipostaafu mwaka 2001. Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, aliyemkubali kwa sharti moja tu, kwamba rangi zisiingie chumbani, sharti ambalo bwana harusi alilivunja wiki ya kwanza, na wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1988 alimaliza picha hii iliyosimama karibu na jeneza, inayomwonyesha mama na wanawake wenzake wakiongoza moto kilimani, na nyuma yao ofisa wa kikoloni ameshika pingu. Ofisi ya misitu ikainunua, tukashangilia, kumbe waliitundika mapokezi na kibao chini yake kisemacho wachoma misitu ni adui zetu. Kaka alikwenda kulalamika, bwana misitu wa wakati ule akamjibu kwamba picha ikishanunuliwa mwenye nayo ndiye msemaji wake, naye akarudi nyumbani asishike brashi kwa muda mrefu, kwani alichokichora ili kumsafisha mama kilikuwa kimemchafua zaidi.

Septemba 2019 moto mkubwa ulishuka kilima hiki, ukateketeza nyumba za majirani na chumba cha kazi cha marehemu pamoja na picha zake zote, ikabaki ile ya mapokezi peke yake. Bibi misitu mpya, aliyekuwa akiipita kila asubuhi, safari hii akaisogelea, akaona moto hauvuki magoti, miti ni mibichi, wala hakuna anayekimbia, akamfuata marehemu nyumbani kumuuliza wale wanawake walikuwa wanafanya nini hasa. Marehemu alimwambia avute kiti, maana jibu lake ni refu.

Machi 2022 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Tarehe 9 Juni, kibali alichokiomba bibi misitu cha kuchoma nyasi kwa njia ya mama kilipotoka, tulimbeba na kiti chake hadi barabarani, akatazama nyasi zikiungua taratibu, moto ukafika barabarani ukazimika wenyewe, naye akalia waziwazi, kisha akasema moshi aliukosea, aliupaka mweusi mno. Alifariki nyumbani kwake tarehe 21 Juni 2022, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, walimu wenzake, na bibi misitu, aliyeturudishia picha hii baada ya kuking'oa kile kibao kwa mikono yake. Mama yetu alifungwa kwa moto ule ule ambao mwezi huu serikali imeleta gari kuusimamia, basi kuanzia leo, atakayemwita Mchoma Msitu ajue anamwita kwa heshima.

Kaka, ukimwona mama, mwambie nyasi zimechomwa na hakuna aliyefungwa. Pumzika kwa amani.