Kaka Yetu Fisi, Aliyesimama Kati ya Panga na Dada Yake

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliokuja kutusindikiza, mimi ninayesoma ni dada yake wa pekee, anayemfuata kwa kuzaliwa, na fundi wa mavazi katika kikundi chao cha maigizo.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fisi hata mbele ya mama, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba ya kupanga nyuma ya machinjio, akiwa kifungua mimba wa mchinjaji ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kazini na nyumbani pia. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1993, akaiacha sekondari kidato cha pili, baada ya kumvunja baba mkono kwa mguu wa kiti, siku baba alipomkaba mama ukutani, akafukuzwa nyumbani, na hawakusemeshana tena hadi baba anazikwa.

Alichinja ng'ombe kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2001 akajiunga na kikundi kilichogeuza hadithi za wanyama za utotoni kuwa michezo ya nyimbo jukwaani, na kwa kuwa alijua mnyama anavyoyumba akikatwa, yeye ndiye aliyepewa kuwa Fisi na kufa, akapigwa marungu, akachomwa shimoni, akatupwa mtoni, na wimbo wa mwisho ukianza akafufuka akicheza. Watoto walimchukia kwa mapenzi yote, na mmoja aliwahi kumvizia mlangoni akampiga teke la ugoko, kaka akachechemea wiki nzima kwa fahari.

Tarehe 9 Agosti 2008 alimwoa mwimbaji aliyeigiza Sungura, ambaye mazoezini alikuwa amemng'oa jino la mbele kwa mchi, na kaka akawaambia wakwe, "Mimi posa nimeshaanza kutoa." Walijaliwa binti na mvulana, ambao hakuwahi kuwachapa hata kofi, akisema vipigo vyake vyote anavimalizia kazini.

Tarehe 12 Aprili mwaka huu, katika onyesho la mchana, ukumbi ukiwa umejaa watoto, mume wangu, ambaye nilikuwa nimemkimbia baada ya kunivunja mbavu, aliingia kwa mlango wa nyuma na panga, akanikuta nikishona mkia nyuma ya pazia, nikakimbilia kwenye mwanga, jukwaani. Kaka alisimama kati yetu akiwa ndani ya ngozi ya fisi niliyomshonea, akasema bila kupandisha sauti, "Shemeji, weka chini hiyo. Watoto wanatazama." Panga likamshukia begani, na watoto, wakidhani ni mchezo, wakapiga makofi wakiimba, "Mkate Fisi, mkate," akakatwa mara ya pili, shingoni, akaanguka, nao wakacheka, mpaka wifi yangu alipopiga yowe lisilokuwa na wimbo, akamrukia yule mwanamume kwa mchi, na wapiga ngoma wakamlaza chini. Yuko rumande.

Madaktari walimkata kaka mkono, lakini kidonda kiliingia sumu, akafariki alfajiri ya tarehe 3 Mei, mkewe akiwa kando yake.

Wazee wa ukoo, kwa kutunza heshima ya familia, waliniomba nisome kwamba aliugua kwa muda mfupi. Nawaheshimu, wazee wangu, lakini siku alipoweza kuzungumza kaka aliniambia, "Usiwaambie watu nilipata ajali. Na usiwaombe radhi, panga hukulishika wewe." Kwa hiyo nasema mbele yenu, kaka yangu aliuawa, aliyemuua ni mume wangu, na mimi niko hai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani mliolala nasi matangani, wasanii wenzake mliobeba jeneza, na walimu mliowatuliza watoto wa siku ile.

Kaka, hapa hakuna wimbo wa kukufufua. Pumzika, pumzika kwa amani.