Ufunguo wa Noah

Kwenye kosta ya Mikumi, kiti cha mbele yangu walikaa Ditram, kijana aliyefungiwa leseni kwa mwendokasi, na Mama Tumwagile, mwenye gari la abiria, Noah, aliyokuwa anaiendesha kijana huyo.

"Mafunzo nimemaliza, mama, leseni wamerudisha. Nipe gari nirudi kazini."

"Wamekufundisha nini?"

"Spidi inaua. Uhai wa abiria kwanza."

Nikasema huyu kaiva. Mama naye akaanza kufungua fundo la khanga lenye ufunguo. Mara lori lililotoka mbele likatuwashia taa. Ditram akaruka, akamwita dereva: "Suka, punguza, trafiki hao mbele!"

Tukawapita askari polepole kama tumebeba jeneza. Tulipowaacha nyuma, Ditram akapiga makofi: "Haya, kanyaga sasa!"

Mama akalikaza lile fundo.

"Mama, si nimefaulu lakini?"

"Umefaulu sana, baba. Konda, nashuka hapo!"