Alonzo Tarpley na Simu ya Saa Nane

Alonzo Tarpley alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 hapa Hopkinsville, Kentucky, mtoto wa tano wa Bwana Amos, mkulima wa tumbaku, na Bibi Lovie. Alimaliza sekondari mwaka 1964. Mpira wa kikapu alijifunzia ghalani, kwa pete ya pipa. Jumapili moja mama yake alimkuta huko wakati wa ibada.

"Mchungaji kaniuliza uko wapi."

"Si ungemwambia naumwa tumbo, mama."

"Ndivyo nilivyomwambia. Sasa twende ukanywe mafuta ya nyonyo."

Mwaka 1968 alichukuliwa na timu ya Evansville, katika ile ligi iliyochezea mpira wa rangi tatu, ambayo leo haipo. Aliruka kama mtu aliyesahau kushuka. Alipenda pia pombe, na waliompigia makofi ndio waliomnunulia.

Tarehe 14 Juni 1969 alimwoa Verlene Oglesby, mfua nguo wa hotelini. Walijaliwa binti, Charmaine. Hakuwa mume mwema. Mwana wa pili wa Alonzo, Terrence, aliyezaliwa na mwanamke mwingine, Verlene alimjua kwa kuonyeshwa picha saluni.

Siku ya mechi wachezaji walitakiwa kulala mchana, na saa nane kocha alipiga simu kila nyumba. Miaka sita Verlene alijibu, "Amelala, kocha," kitanda kikiwa kimetandikwa. Tarehe 11 Machi 1975 alichoka.

"Hajalala hapa tangu Jumapili. Mtafute baa ya nyuma ya stendi."

"Shemeji, nikimkuta huko sitakuwa na la kufanya ila kumfukuza."

"Najua. Nenda."

Alifukuzwa jioni ile. Mwaka uliofuata ligi ikafa, na ligi kubwa ya nchi ikachagua miongoni mwa wachezaji wake bila hata kumuulizia Alonzo. Alirudi nyumbani akawa mfagizi wa kiwanda cha unga.

Alonzo aliamini aliyemchongea ni Roscoe Minter, rafiki yake wa timu aliyelala naye chumba kimoja safarini. "Roscoe kaniuza," alisema miaka kumi na tisa, na Verlene akampakulia chakula. Roscoe alipokuja na keki ya mkewe, alirudishwa nayo mlangoni.

Ini lilianza kumsumbua Alonzo mwaka 1992. Mwezi uliopita, wodini, alimwambia Verlene, "Niitie Roscoe. Nataka nimsamehe."

"Nitampigia."

Hakumpigia. Roscoe angekana, na Alonzo angeanza kujiuliza ni nani basi. Alifariki tarehe 3 Novemba 1994, saa nne asubuhi, akitazama mlango.

Ameacha mjane, Verlene, watoto, Charmaine na Terrence, wajukuu watatu, dada yake Earline, na Roscoe Minter, aliyeombwa leo aketi na familia bila kuambiwa sababu. Sababu ndiyo hii. Roscoe hakusema neno kwa kocha; aliyesema ni mjane. Wabebaji wa jeneza ni watano. Nafasi ya sita, mbele kulia, ameachiwa Roscoe, kama atakubali.

Mungu amtulize Alonzo, na habari hii amwambie kwa upole.